Majina ya Majohe

Nilipanda daladala pale TAZARA, upande wa Temeke, nikashuka Gongo la Mboto. Nikanunua mihogo ya kukaanga na chachandu, nikaila njiani hadi Majohe, kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina. Wamezikwa zaidi ya 60, kwa mistari iliyonyooka, kila mmoja na jiwe lenye jina lake.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. China ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Kufikia 1975 reli ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam.

Babu yangu alikuwa kibarua kwenye reli hiyo. Alipenda kusimulia simba na mahandaki. Wenzake waliofia kazini hakuwataja, nami sikumuuliza mpaka tukamzika.

Mbele ya mawe yale nilikuta majina nisiyoweza kuyasoma, lakini yapo. Likizo hii napanda treni kwenda Mlimba. Bibi bado yupo, na safari hii nakwenda na daftari.