Fedha za Paa la Jiko

Mnamo mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuwa ingalipo mwaka 1981, wakati IBM ilipotoa kompyuta iliyoundwa kwa vipuri vya makampuni mengine, prosesa ikiwa ya Intel, na michoro yake ikachapishwa. Baadaye mtu wa kawaida aliweza kuchagua vipuri akaunda yake. Sisi tulichelewa.

Niliyawaza hayo kijana wangu alipotaka kompyuta ya michezo. Fedha tulizokuwa nazo ni za kahawa, nazo nilizitenga kwa paa la jiko. Tuliteremka kutoka Kilema hadi Moshi mjini. Tukanunua kadi ya picha ya bei, tukabana fedha kwenye pawa saplai kwa kuwa haionekani. Siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, pawa saplai iliungua, ikaondoka na ubao mama.

“Baba, tungeanza na hii,” alisema kwa huzuni.

Safari ya pili tulianza na pawa saplai madhubuti, kisha ubao mama uliokwisha kutumika. Jiko likavuja masika moja zaidi. Sijuti. Mimi nilikua sina la kuchagua. Mwanangu amechagua, akakosea, akajua.