Kaseti Niliyoipuliza

Mali yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kaseti ya gemu. Ilikuwa mwaka 2003, niko darasa la tatu, Dar es Salaam. Viatu nilirithi kwa kaka, baiskeli niliiona kwa jirani, lakini kaseti ile ilikuwa yangu peke yangu: plastiki ya njano, picha ya askari wawili wenye misuli, na juu yake namba kubwa 9999999. Maana yake, alivyotueleza muuzaji wa Kariakoo, ndani mna gemu milioni kumi kasoro moja.

Tukaunganisha mashine kwenye TV ya chogo, tukaanza kuhesabu. Ya kwanza Contra. Ya pili Mario. Ya tatu vifaru, ya nne bata wa kupiga kwa bunduki ya plastiki. Tulipofika ya kumi na tano, Contra akarudi, ila safari hii anaanza na roho thelathini. Ya kumi na sita ni Mario yule yule, kaanzia mbele kidogo. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "wamekuuzia namba."

Naam, niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini hebu nisikilize, ndugu msomaji: mbuzi yule alikuwa wangu. Nilimwazima jirani kwa wiki nzima, naye akaniachia kaseti yake. Ikigoma, naichomoa, naipuliza, naipachika tena. Nikikosana na mshikaji, nakwenda kwao kuidai. Hakuna mtu kutoka Japani wala China aliyewahi kupiga hodi kuuliza kaseti iko kwa nani.

Leo nikikaa na vijana wenzangu malalamiko ni yale yale: gemu zinakula hela, zinakula bando, na mwisho wa siku huna kitu mkononi. Wengine wanadhani hali hii imeanza juzi, na intaneti. Mimi nimekaa nikaichunguza historia ya biashara hii, nikaona si ya juzi. Kila walipopata chombo kipya cha kuuzia gemu, walikitafutia na kufuli lake.

Mwanzo ilikuwa sarafu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya California ilitoa Pong, kabati lenye kioo na mpira unaodunda, likawekwa kwenye mabaa. Mwaka 1978 Japani ikatoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, na watu wakapanga foleni na sarafu zao za yeni 100. Biashara ile ilikuwa wazi. Unatumbukiza sarafu, unapigana, unakufa, unaondoka. Hukununua gemu, ulinunua dakika zako, na hakuna aliyekudanganya kuwa kabati ni lako. Shika hilo, maana tutalirudia.

Kisha ikaja kaseti, na hapa kuna mtu ambaye vijana wengi wa Kiafrika hawamjui. Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940, ndiye aliyeongoza kikosi cha mainjinia wa kampuni ya Fairchild kilichotengeneza Channel F, mashine iliyoingia sokoni mwaka 1976. Kabla yake, mashine ya nyumbani ilikuja na gemu zake zimeshonewa ndani. Ukizichoka, umechoka na mashine nzima. Channel F ilikuwa ya kwanza madukani kuchomekwa kaseti yenye programu: unatoa hii, unaweka ile. Mwaka uliofuata Atari ikatoa mashine yake, ile iliyokuja kujulikana kama 2600, ikalizoa soko. Lawson alifariki mwaka 2011. Kila mtoto aliyewahi kumwambia mwenzake "nipe yako nikupe yangu" anadaiwa naye shukrani.

Kaseti ilimpa mnunuzi kitu cha kushika. Wenye makampuni nao hawakulala. Atari haikuandika majina ya watunzi wa gemu zake popote, kama vile gemu zimeota zenyewe shambani. Waandishi mtalielewa chungu lake. Mtunzi mmoja, Warren Robinett, alilificha jina lake ndani ya gemu yake ya Adventure, kwenye chumba cha siri. Wenzake wanne waliondoka kwa hasira, na mwaka 1979 wakashiriki kuanzisha Activision, wakaanza kuandika majina ya watunzi kwenye makasha.

Halafu tamaa ikazidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo la Atari lilitiwa maji mwaka 1982. Kampuni ililipa mamilioni ya dola kwa haki ya kutengeneza gemu ya filamu ya E.T., ikataka iwe madukani kabla ya Krismasi. Mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa kama wiki tano tu kwa kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi. Zikachapwa kaseti mamilioni. Watoto wakafungua zawadi, wakacheza, wakatumbukia shimoni, wakapanda, wakatumbukia tena. Mwezi Septemba 1983 malori ya Atari yalimwaga shehena ya mali iliyokosa wanunuzi kwenye dampo la mji wa Alamogordo, New Mexico. Kwa miaka watu walidhani ni hadithi ya vijiweni, mpaka Aprili 2014 dampo lilipofukuliwa, na E.T. akatoka mchangani na bei yake kashani. Inakadiriwa kuwa soko la Marekani liliporomoka kutoka dola bilioni 3 hivi mwaka 1983 hadi kama milioni 100 mwaka 1985.

Aliyeliokota soko hilo ni Nintendo. Mashine yake ya Famicom ilitoka Japani Julai 1983, ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, na ndani yake kukawa na kufuli: chipu ndogo inayoikagua kaseti kama mgambo getini. Kaseti isiyo na chipu mwenzake haichezi. Anayetaka kuuza gemu aombe ruhusa kwa Nintendo, alipe kuchapiwa kaseti na Nintendo, na asizidishe gemu tano kwa mwaka. Sababu waliyoitoa ilikuwa kumlinda mnunuzi na takataka kama zile za Alamogordo. Ni kweli, takataka zilipungua. Lakini ufunguo sasa ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Ila ile Famicom ya Japani haikuwa na kufuli hilo. Viwanda vya Taiwan na vya China bara viliona mwanya, vikanakili. Urusi waliiuza kwa jina la Dendy, Poland wakaiita Pegasus, na sisi tukaletewa mashine zenye majina ya kila namna na kaseti za njano. Hapo ndipo historia hii ilipotufikia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kina Atari walizaliwa na kuzikwa bila wengi wetu kuwasikia, na gemu za mwaka 1985 tulizicheza mwaka 2003 kama habari ya leo. Tuliibiwa kwa namba za uongo, na mali yenyewe ilikuwa ya wizi. Sina haja ya kuipamba.

Baada ya kaseti zikaja CD. PlayStation ya Sony ilitoka Japani Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata mwaka 2000, ikauza zaidi ya mashine milioni 150 duniani. CD ni rahisi kutengeneza kuliko kaseti. Ni rahisi pia kuichoma. Mtaani kwetu kilifunguliwa kibanda, mabenchi mawili, TV tatu, feni moja inayopuliza joto. Mashine zote zilikuwa zimewekewa chipu ili zikubali CD za kuchoma. Mechi moja shilingi 100, na sheria ya kibanda ilikuwa moja: aliyefungwa ndiye anayelipa.

Ukitazama vizuri, kibanda kiliturudisha kwenye sarafu ya mwaka 1972. Tulinunua dakika, tukajua tunanunua dakika. Mwenye kibanda alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. Umeme ukikatika katikati ya mechi anasema, "Dogo, kaeni hapo hapo, ukirudi mnaanza upya." Na kweli tulianza upya, bure. Kampuni iliyotengeneza Winning Eleven haikupata hata senti yetu, hilo nakiri. Lakini CD halali dukani sikuiona mpaka namaliza sekondari, na ningeiona ningeiangalia tu na kuipita, maana bei yake ilikuwa ya mwenye mshahara wa Ulaya.

Kisha kile kitu cha kushika kikaanza kuyeyuka. Mwaka 2003 kampuni ya Valve ilianzisha Steam, na mwaka uliofuata gemu yao ya Half-Life 2 ilikuwa haichezeki bila Steam, hata kama umeinunua kwenye kasha dukani. Mwaka 2006 wenye Oblivion waliuza deraya ya farasi kwa dola mbili na nusu. Farasi mwenyewe si wa kweli, deraya si ya kweli, dola ndiyo ya kweli! Watu walicheka, lakini walinunua, na makampuni yakapata somo. Mwaka 2009 FIFA ikaja na pakiti za wachezaji: unalipa kwanza, unafungua, ndipo unajua umepata nyota au umepata mlinda benchi. Mbuzi kwenye gunia yule yule wa Kariakoo, safari hii kavaa jezi. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hiyo zinavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 mwenye FIFA akaacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kununulia pakiti hizo.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2021 nilikusanya vijisenti vya kuchapa kazi za watu, nikataka kununua gemu kihalali kwa mara ya kwanza maishani. Duka la mtandaoni halikuitambua nchi yangu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa anayeishi Muscat, akanilipia kwa kadi yake, akaunti ikasajiliwa kama ya Oman. Nilicheza miezi saba. Siku nilipojaribu kulipa mwenyewe kwa kadi ya hapa nyumbani, akaunti ikafungwa, na gemu nne nilizolipia zikafungiwa ndani. Nikaandika kuomba msaada. Jibu lilikuwa la adabu: sikununua gemu, nilinunua ruhusa ya kuzitumia, na ruhusa imesitishwa.

Nilikaa na sentensi ile siku nyingi. Ndiyo iliyonituma kusoma historia hii.

Tumekuwa wapangaji, jamani. Kila anayepanga nyumba Dar anajua ladha yake: unalipa kodi ya miezi sita, unapaka rangi, unapanda ua, na bado mwenye nyumba akiamua, unabeba godoro. Tofauti ni moja. Mwenye nyumba hakwambii "nunua" wakati anakupangisha. Gemu ya The Crew, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na Marekani nzima imekunjwa ndani yake, unaendesha gari kutoka bahari hadi bahari. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima mitambo yake, na kwa kuwa gemu ilidai intaneti hata ukicheza peke yako, ikafa kwa wote waliolipa. Mwezi Mei mwaka huo huo Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ambayo nchi zaidi ya 170 hazikuwa na huduma yake, nyingi za Afrika, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi hizo. Kelele zilipozidi sharti la akaunti likafutwa ndani ya siku chache.

Kelele basi zinasaidia. Kampeni iliyoanza mwaka 2024 kupinga kuuawa kwa gemu zilizolipiwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja Ulaya. California nayo imetunga sheria, inayofanya kazi tangu Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za mtandaoni asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapewa ruhusa tu. Ni jambo dogo, la neno moja. Lakini sisi tunaoandika tunajua neno moja linaweza kubeba wizi mzima.

Na kuna hasara nyingine. Utafiti wa mwaka 2023 wa wakfu unaohifadhi historia ya gemu Marekani ulikuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka huko kabla ya mwaka 2010 haziuzwi tena kihalali. Fikiria vitabu vingekuwa hivyo. Jarida hili unaloshika, ukimaliza mpe mwenzako. Mhariri hatakuja usiku kuufunga ukurasa wa tatu.

Mwaka jana mama alisafisha kabati, akanipigia simu nikachukue takataka zangu. Kaseti ya njano ilikuwemo, picha ya askari imefifia, namba bado inasomeka. Mashine haikuwaka mpaka fundi alipobadilisha waya, shilingi elfu tatu. Nikaipuliza kaseti, nikaipachika. Contra akatokea kama vile tuliachana jana.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, alikaa pembeni ananitazama kwa wasiwasi.

"Mjomba, hii inakula bando?"

"Haili."

"Sasa inamwomba nani ruhusa?"

Nikampa pedi ya pili.