Kuopoa

Ndoo ilipokatika kamba kisimani kwetu Tabora, bibi hakusema "nenda kaiokoe". Alisema, "Lete kiopoo." Kilikuwa mti mrefu wenye kulabu nchani, ukiinama nao ukisikiliza chuma kinagusa chuma kule gizani.

Kitenzi chake kidogo, kuopoa, kimebeba meli nzima. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam. Kutoka huko ilipanda reli iliyofuata njia ya misafara ya zamani, ikapita Tabora kuelekea Kigoma, jirani ya Ujiji, ikaunganishwa tena huko. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani isitekwe. Lakini mafundi walikuwa wamepaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mitambo ikaonekana bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na dagaa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi.

Magazeti yetu siku hizi mara nyingi hutumia kuopoa kwa maiti: miili "imeopolewa", manusura "wameokolewa". Tofauti hiyo ni nzuri, maana anayeokolewa ni mwenye roho. Ila tusiliache kuopoa libaki msibani. Ndoo huopolewa, nanga huopolewa, na meli ya kivita iliyolala chini ya maji iliopolewa. Waandishi wenzangu, tuandike hivyo.