Tirikeza: Siku ya Kulala Mbali na Maji

Njia ya Pacific Crest huanzia mpaka wa Mexico, hupita California, Oregon na Washington hadi Kanada, kilomita 4,265 hivi. Anayeipangia safari hutafuta maji kwenye ramani kabla ya kutafuta vilele. Kaskazini mwa California, juu ya ukingo wa Hat Creek, pana karibu kilomita 48 zisizo na kijito wala chemchemi ya kutegemewa. Usiku wa kulala mbali na maji namna hiyo Wamarekani wameupa jina ambalo, neno kwa neno, ni "kambi kavu".

Tafsiri hiyo siipendi. Msomaji wetu atadhani ni kambi isiyo na tope, au isiyo na pombe. Tena inataja mahali tu, ilhali kazi yote imo katika saa. Mtu hufika penye maji ya mwisho adhuhuri, hupika chakula kizito papo hapo, hunywa mpaka basi, hujaza chupa, na kuondoka saa tisa jua likilegea. Jioni hawashi jiko. Mkate na karanga vyatosha. Saa kumi na moja alfajiri yuko njiani tena.

Zamani, wapagazi wa misafara ya bara ya Afrika Mashariki walikuwa na neno la mwendo huohuo: kutirikeza. Ni kuondoka mchana, kulala pasipo maji, na kuyafikia kesho yake. Wavumbuzi Burton na Stanley, waliosafiri na misafara hiyo, walilinukuu vitabuni mwao. Stanley alipovuka Marenga Mkali, mbuga kame iliyo kabla ya Ugogo, mwaka 1871, aliikadiria kuwa na upana wa zaidi ya maili 30, karibu sawa na ukingo wa Hat Creek.

Wapo wanaolitamka karibu na "kutelekeza", la kumwacha mtoto au mke. Ndiyo maana naliandika kwa "ri". Nalo linanyambulika bila taabu: kesho tunatirikeza, siku ya kutirikeza, tirikeza ya pili. Jaribu hivyo na kambi kavu!

Turudi kwenye maji yenyewe: matungi ambayo wasamaria wema huyaacha kando ya njia yasihesabiwe kabisa. Huenda ukayakuta matupu. Hesabu nusu lita kwa kila saa ya mwendo, zaidi joto likizidi, na lita moja ya usiku. Kwa Hat Creek, mwendo wa saa kumi na mbili, hizo ni lita saba, yaani kilo saba mgongoni, kabla hujaweka hata shuka.