Nyayo za Kondoo Wasiozaa

Njia hii naianzia Blakiston, Australia ya Kusini, mwaka 1889. Huko mkulima Amos Howard aliona klova, mgeni wa jamii ya kunde kutoka nchi za Mediterania, ikistawi mahali pa udongo hafifu. Tabia yake ni ya karanga: ua likinyauka, kikonyo huinama na kuzika mbegu ardhini, kondoo asizimalize. Howard akaipigia debe miaka mingi. Kufikia miaka ya 1940, kwa msaada wa mbolea ya fosfeti, ilikuwa imetanda malishoni Australia Magharibi.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Kondoo majike walipandwa lakini hawakushika mimba. Walioshika, baadhi walikwama katika kuzaa; wengine kizazi kilitoka nje. Ajabu zaidi, madume waliohasiwa waliota chuchu na kutoa maziwa! Mwaka 1946 Bennetts, Underwood na Shier wakaandika kwamba chanzo ni klova: jani lilikuwa likifanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike.

Kitu gani hasa ndani ya jani? Mwaka 1951 ilishukiwa genisteini. Ilionewa. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo huivunjavunja kabla haijaleta madhara. Mhalifu alikuwa formononetini, ambayo ikiwa peke yake karibu haina nguvu. Vijidudu hivyohivyo ndivyo huigeuza kuwa ekuoli. Na ekuoli haikuwa ngeni: tangu 1932 ilishapatikana katika mkojo wa farasi mwenye mimba, ikapewa jina linalotokana na farasi kwa Kilatini.

Mwaka 1982 ikaonekana kwenye mkojo wa binadamu, na soya ikatajwa kuwa chanzo. Ila si kila tumbo huiweza kazi hiyo. Watu wawili wakinywa uji wenye soya wa sufuria moja, mmoja hutengeneza ekuoli, mwenzake hapati kitu. Wala uji usiogopwe. Kondoo wale walikula klova kutwa, miezi kwa miezi.

Australia walichagua aina mpya zenye formononetini kidogo, wakazipanda. Lakini mbegu za zamani ni ngumu na zimezikwa, na kwenye mashamba mengine klova ileile bado huchipua.