Ubongo wa Kondoo na Macho ya Shosh

Mwaka wa 1989, maabara ya Akira Arimura kule New Orleans, Marekani, ilikuwa inasaka homoni kwenye ubongo wa kondoo. Ndio, kichwa kile kile cha supu. Macho hayakuwa kwenye mpango kabisa. Walitaka kitu cha kuamsha tezi ya pituitari, wakapata nyuropeptidi ya amino asidi 38, wakaiita PACAP.

Kumbe hiyo kitu ina kazi ingine. Neva ya jicho hubeba nyuzi kama milioni moja kutoka retina hadi kwa ubongo, na zikikatika haziponi zenyewe. Lakini manze, seli ikiumia haifi papo hapo. Inajimaliza polepole, siku hadi wiki. Dora Reglődi, aliyewahi kufanya kazi na Arimura, pamoja na wenzake huko Pécs, Hungaria, walionyesha kwamba PACAP huokoa seli nyingi za retina iliyoumizwa.

Retina za panya, wasee. Mwilini peptidi hii huvunjwa kwa dakika chache, ndio maana hadi leo haiko kwa duka la dawa. Anayekuuzia matone ya “kufufua neva” anakucheza. Presha ya macho huua seli hizo hizo, kimya kimya. Shosh ashapimwa?