Ukweli na Ubunifu katika Hadithi ya Njama ya Orkoiik wa Kericho

Riwaya ya Mmarekani Dan Brown, The Da Vinci Code, iliyochapishwa mwaka 2003, hutanguliwa na ukurasa mmoja mfupi ambao mwandishi ameupa kichwa chenye maana ya ukweli. Kabla msomaji hajakutana na mhusika hata mmoja, huarifiwa humo kwamba chama cha siri cha kidini kiitwacho Prieuré de Sion kilianzishwa mwaka 1099, na kwamba hati zake zimo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Hati hizo zimo kweli. Lakini waliozichunguza wamekwisha kuonyesha kwamba ziliwekwa humo katika miaka ya 1960 na Pierre Plantard na wenzake, na kwamba ni huyo huyo Plantard aliyekianzisha chama chenye jina hilo mwaka 1956, katika mji wa Annemasse. Kuwamo kwa karatasi katika hifadhi, basi, hakuthibitishi zaidi ya jambo moja: kwamba yuko mtu aliyeiweka.

Mamilioni ya wasomaji waliuamini ukurasa ule, na wataalamu wa historia ya Kanisa wakalazimika kuandika vitabu vya kuujibu. Sisi tulioko katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, tunayo hadithi yetu ya njama ya kidini, iliyo na umri mkubwa kuliko riwaya hiyo. Haikutungwa na mwandishi wa riwaya. Ilitungwa kidogo kidogo katika taarifa za maofisa wa wilaya, na ukurasa wake wa ukweli ni sheria ya Koloni la Kenya ya mwaka 1934, iliyoamuru malaiboni waondolewe katika nchi ya Wakipsigis. Yanayosimuliwa humo ni haya: kwamba ukoo mmoja wa makuhani, ukifanya kazi gizani, uliongoza wizi wa mifugo, mauaji na uasi, na kwamba watu wote wengine walikuwa watumwa wa hofu yake. Kwa ajili ya hadithi hiyo watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake na watoto wao, walihamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya mbung'o na malaria.

Makala haya yanakusudia kutenga kilicho kweli na kilichobuniwa katika hadithi hiyo. Tutaanzia kwenye msamiati, kwa sababu ndiko ubunifu ulikoanzia.

Sheria yenyewe huwaita watu hao kwa neno laibon. Neno hilo si la Kikipsigis. Ni la Kimaasai, oloiboni, wingi iloibonok, nalo limeviringwa na ulimi wa Kiingereza. Wakipsigis na Wanandi humwita mtu huyo orkoiyot, wingi orkoiik, na ukoo wake ni Talai. Hapana budi kukiri kwamba kosa hili lina chembe ya kweli ndani yake, kwa maana mapokeo ya Wanandi wenyewe huutoa ukoo wa Talai katika Umaasai, karne ya kumi na tisa. Hata hivyo asili ya ukoo ni jambo moja na kazi yake ni jambo jingine. Neno la kigeni lilileta pamoja nalo sifa zote ambazo Wazungu walikuwa wamekwisha kuzikusanya juu ya Wamaasai, zikavishwa watu wengine. Si ajabu, kwani kabila zima la Wakipsigis liliitwa Lumbwa katika vitabu vya serikali kwa miaka mingi, jina ambalo nalo si lao na ambalo hawakulipenda.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Katika Kikipsigis, orkoiyot si ponindet. Ponindet ndiye mchawi, mtu anayedhuru wenziwe kwa siri, na jamii yenyewe ilimwadhibu, pengine kwa kifo. Wala orkoiyot si mwenye miti-shamba; dawa huitwa kerichot, na wako wanaodai kwamba jina la mji wa Kericho latokana na neno hilo, ingawa wengine hulitoa kwa mzee mmoja wa Kimaasai. Orkoiyot ni mwonaji na mbarikiaji: vijana walitaka baraka yake kabla ya vita, wazee kabla ya sherehe, na wote walimletea zawadi. Aliogopwa, naam, maana mwenye kubariki aweza pia kulaani. Lakini Kiingereza cha maofisa kiliwatia watu hawa watatu katika fungu moja, na wakalimani, walipotafuta la kusema kwa Kiswahili, walikuwa na mganga na mchawi tu. Mwenye kuandikiwa mganga huhojiwa. Mwenye kuandikiwa mchawi amekwisha kuhukumiwa. Katika nafasi hiyo nyembamba, baina ya maneno mawili ya Kiswahili, watu wengi walipotea.

Hata neno njama lenyewe lastahili kutazamwa. Kwa Wakikuyu njama ni baraza, halina aibu yoyote. Sisi katika Kiswahili tumeshikilia upande wa siri na hila, hata tukasema watu wamekula njama. Kikao kile kile, kikisimuliwa na watu wawili, chaweza kuwa mkutano au uhaini.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka kwa jirani zetu wa Nandi, na kwa kuwa uliandaa njia ya mambo ya Kericho, yafaa tuueleze. Mwaka 1923 Wanandi walikuwa wakijitayarisha kwa saget ab eito, sherehe ya kuchinja ng'ombe ambayo kwayo rika moja lililiachia jingine madaraka ya nchi. Sherehe hiyo haikuwa siri. Haiwezekani kuwa siri jambo linalokusanya wanaume wa nchi nzima. Orkoiyot wa wakati huo alikuwa Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel arap Samoei. Serikali iliamini kwamba siku ya sherehe ndiyo ingekuwa siku ya uasi. Barsirian alikamatwa mwezi Oktoba pamoja na wazee kadhaa, sherehe ikapigwa marufuku, naye akakaa kizuizini hadi mwaka 1964. Diana Ellis, aliyelichunguza tukio hili katika makala yake ya mwaka 1976, ameonyesha mambo yaliyokuwa yamewachosha Wanandi: ardhi iliyotwaliwa, kodi iliyopandishwa, kazi za kulazimishwa, na karantini ya mifugo iliyowazuia kuuza ng'ombe wao. Watu wenye manung'uniko ya namna hiyo hawahitaji kuhani wa kuwanong'oneza. Lakini taarifa zilimtaka kuhani, kwa sababu manung'uniko yana jibu ghali, na kuhani aweza kufungwa.

Baba yake Barsirian aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, pamoja na watu zaidi ya ishirini wa msafara wake, katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya kujadili amani. Aliyemwua ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi. Kwa muda mrefu waandishi wengi walilitegemea shajara la Meinertzhagen kuhusu Kenya, lililochapishwa mwaka 1957, ambamo mwenye kudanganya ni Koitalel na mwenye kuponea chupuchupu ni mwandishi. Masimulizi ya Wanandi yasema kinyume chake: kwamba Koitalel alinyoosha mkono wa salamu, akapigwa risasi. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kuambiwa kwamba simulizi la mdomo ni lazima lipimwe kwa maandishi. Hapa maandishi ndiyo yaliyoshindwa kupimika. Kumbukumbu za Meinertzhagen zilizohifadhiwa Oxford zimechapwa kwa taipu, na wachunguzi wameona dalili kwamba kurasa zake ziliandikwa upya baadaye. Wanasayansi wa ndege nao wamegundua kwamba aliiba vielelezo kutoka makumbusho na kuvibandika majina ya mahali pa uongo, na mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima kuhusu ulaghai wake. Hii haina maana kwamba kila sentensi ya shajara ni uongo. Ina maana kwamba shajara haliwezi tena kuwa mizani ya kumpimia mtu mwingine.

Kaka yake Koitalel ndiye aliyeleta kazi ya orkoiyot kwa Wakipsigis. Baba yao, Kimnyole, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890 baada ya misiba aliyolaumiwa kwayo, na katika mgogoro wa urithi uliofuata Kipchomber arap Koilegen alikimbilia kusini. Kifo hicho cha Kimnyole chapasa kukumbukwa na kila anayesoma kwamba watu walikuwa watumwa wa orkoiik. Mtumwa hamhukumu bwana wake. Kipchomber alipokewa, akapata wafuasi, na mwaka 1914 serikali ikamhamishia nchi ya Wakikuyu pamoja na ndugu zake. Hadithi ya njama, basi, ilikuwa imekwisha kupata sura yake ya kwanza miaka ishirini kabla ya sheria.

Yafaa sasa tugeukie ubunifu wa upande wetu, jambo ambalo baadhi ya wenzetu hawatalipenda. Husemwa kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moshi, yaani reli. Utabiri huo huo husimuliwa na Wakikuyu kuhusu Mugo wa Kibiro, na Wakamba kuhusu Syokimau. Je, waonaji hao wote waliona ndoto moja? Yawezekana zaidi kwamba hii ni fomula ya masimulizi iliyosafiri, labda kwa njia ya reli yenyewe, na ikapata mwenyeji katika kila nchi. Kusema hivyo hakumpunguzii Kimnyole heshima. Alikuwa mtu wa historia, na kifo chake ni tukio la historia. Maneno aliyowekewa kinywani ndiyo ya fasihi, nayo yatueleza vyema jinsi waliobaki walivyojaribu kuielewa aibu ya kushindwa.

Ubunifu wa pili ni mpya zaidi, na ndani yake mna jambo zito. Husikika siku hizi kwamba Talai waliondolewa mwaka 1934 kwa mapatano ya siri kati ya serikali na makampuni, ili ardhi yao ipandwe chai. Tarehe hazikubaliani na maneno hayo. Ardhi ya Wakipsigis ilianza kutwaliwa mapema katika karne ya ishirini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ekari 25,000 za Kericho zilitolewa kwa maofisa walemavu wa Kiingereza ili walime kitani. Mradi huo ulipoanguka, katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaingia na miche ya chai. Kwa hiyo mwaka 1934 sehemu kubwa ya unyang'anyi ilikuwa imekwisha kutendeka, na mashamba yalikuwa yakichumwa. Uhusiano upo, ila si wa siri. Vijana waliokosa malisho waliiba ng'ombe wa walowezi. Wizi ulitisha utawala. Utawala ukamtafuta mkuu wa wezi, ukampata tayari katika majalada yake ya mwaka 1914 na 1923. Yamkini baadhi ya orkoiik walipokea sehemu ya mifugo iliyoibwa, kwa kuwa walipokea zawadi za kila namna. Kutoka hapo hadi mtoto mchanga wa ukoo huo kuhamishwa Gwassi, hakuna ngazi ya hoja.

Na hapa ndipo mwandishi huyu anapotofautiana na wanaopenda simulizi la mapatano ya siri. Tendo la mwaka 1934 halikufanywa gizani. Lilikuwa sheria iliyopitishwa na baraza la kutunga sheria na kupigwa chapa kama sheria nyingine yoyote. Haikutaka kila mtu ashtakiwe kwa kosa lake; ilitosha kwamba alizaliwa katika ukoo. Anayetafuta chama cha siri nyuma yake anawapunguzia mzigo waliotia saini.

Waliosalia walianza kurudi Kericho mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakakuta hawana pa kurudi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 yao yalikuwamo. Tume ya Taifa ya Ardhi ilitambua dhuluma walizotendewa Wakipsigis na Talai mwaka 2019, na mwaka 2022 madai yao dhidi ya Uingereza yalipelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika majalada ya namna hii kila tarehe hupimwa na wakili wa upande wa pili, na tarehe moja ya kubuni yaweza kuziangusha kumi za kweli.

Kuna kazi moja iliyo ndani ya uwezo wa idara zetu. Sheria ya 1934 haina budi kutafsiriwa kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis, na mfasiri atakapofika kwenye jina lake atalazimika kuchagua. Akiandika laiboni atakuwa mwaminifu kwa matini. Akiandika orkoiik atakuwa ametia katika sheria heshima ambayo sheria haikuwapa. Rai yangu ni kwamba aandike laiboni, kisha aeleze katika tanbihi, pasipo kuficha, kwamba hapakuwa na mtu yeyote katika nchi ya Wakipsigis aliyejiita hivyo.